Jinsi ya Kuonja Ale Nyekundu ya Ireland na Kujua Kama Unaipenda

Mara ya kwanza kunywa Smithwick's, bia nyekundu ya Ireland ya aina iitwayo ale, nilikuwa Kilkenny, mji wa mawe kusini-mashariki mwa Ireland, na sikuipenda hata kidogo. Nilikuwa nimetoka kazini na wenzangu wawili. Mmoja akaniagizia bila kuniuliza, ikaja glasi kubwa ya kitu chekundu chenye povu la rangi ya maziwa. Nikapiga funda moja. Nikaona ni chai ya rangi iliyosahaulika mezani, halafu mtu akaitia gesi kidogo. Nikatabasamu kwa adabu, nikaisogeza pembeni. Mara simu ikaita kutoka Moshi, ni mama, na simu ya mama haina dakika mbili. Niliporudi mezani ubaridi wa ile glasi ulikuwa umeshakatika. Nikanywa tena ili tu mwenzangu asione nimeidharau pesa yake. Safari hii nikakuta mkate uliochomwa, sukari iliyoungua kidogo, halafu mwishoni ukavu kama wa ukoko wa wali. Niliimaliza yote.

Tangu hapo sihukumu ale kwa funda la kwanza. Ulimi uliokulia kwenye Kilimanjaro na Safari unaingia kwenye glasi ukiitafuta Kilimanjaro. Usipoikuta unalalamika, na malalamiko hayo hayakuambii lolote kuhusu kinywaji kilicho mbele yako. Kwa hiyo hatua zinazofuata zina kazi moja tu, kuupa ulimi muda wa kuacha kutafuta kisichokuwepo. Ni kwa mtu mzima anayekunywa bia tayari. Kama hunywi, hapa hakuna sababu ya kuanza.

Hatua ya 1: Jua unachoagiza

Bia zetu karibu zote za kiwandani ni lager. Hamira ya lager hufanya kazi kwenye baridi, kama nyuzi 8 hadi 13 za Selsiasi, polepole, na inaacha ladha safi isiyo na mambo mengi. Hamira ya ale hufanya kazi kwenye joto zaidi, nyuzi 15 hadi 24 hivi, kwa haraka, na ikimaliza inaacha nyuma harufu za matunda. Mchaga ataelewa upesi, kwa sababu mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, nayo huchachuka kwenye joto la kawaida la nyumba, wala hakuna anayeipeleka kwenye friji kwanza. Kwa upande huo mbege na ale ni watu wa ukoo mmoja kuliko mbege na Kilimanjaro.

Wekundu unatokana na shayiri. Sehemu kubwa ya shayiri ya bia hii imefanywa kimea, yaani imeloweshwa, ikaachwa ichipue, kisha ikakaushwa, kama tunavyofanya ulezi wa mbege. Halafu huongezwa shayiri kidogo sana iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi kama kahawa. Hicho kidogo ndicho kinachotia rangi na kuleta ule ukavu wa mwisho. Kikizidi sana unaelekea kwenye stout, ndugu zake Guinness.

Majina utakayokutana nayo mara nyingi ni haya. Smithwick's hutamkwa Smidiks, na ukiitamka kama ilivyoandikwa mhudumu atakuelewa, ila atajua wewe mgeni. John Smithwick aliianzisha Kilkenny mwaka 1710, kwenye eneo la abasia ya Wafransisko ambao walikuwa wakipika bia yao hapo karne nyingi kabla yake. Guinness wakainunua mwaka 1965, kiwanda cha Kilkenny kikafungwa 2013, na upishi ukahamia Dublin. Ndani ya Ireland ina kilevi asilimia 3.8, lakini ile inayouzwa Marekani ni 4.5, kwa hiyo usishangae ikikupiga tofauti ukivuka bahari.

Bia iitwayo Kilkenny, kwa jina la mji ule ule, ni jamaa yake wa karibu, asilimia 4.3, na imesambaa zaidi nje ya Ireland, hasa Kanada na Australia. Hii hutiwa nitrojeni, ndiyo maana inashuka kooni kama uji mwepesi. Ya tatu ni O'Hara's Irish Red, nayo 4.3, ya Carlow Brewing Company, kiwanda cha familia kilichoanza mwaka 1996. Ukiwa Marekani kuna kitu kinaitwa George Killian's Irish Red. Jina lina asili ya kweli ya Ireland, kwenye kiwanda cha Enniscorthy kilichofungwa 1956, ila hiyo inayouzwa Marekani ni lager. Inywe ukitaka, lakini isikupe maoni kuhusu ale.

Hatua ya 2: Usionje kwenye raundi

Waireland hunywa kwa raundi. Mkiwa wanne, kila mmoja ananunua za wote kwa zamu, na glasi mpya inatua kabla hujamaliza uliyonayo. Ni desturi nzuri ya kujenga urafiki na mbaya sana kwa kuonja. Utakuwa unakimbizana na watu, na glasi ya nne haihukumiwi na mtu aliye timamu. Nenda mapema, mchana au jioni ya kwanza, na mtu mmoja au peke yako. Ukijikuta ndani ya raundi, sema mapema kwamba wewe unakunywa nusu nusu. Hakuna atakayekununia.

Mdomo nao uwe huru. Ukitoka kupiga mswaki, kunywa kahawa, kula pilipili au kuvuta sigara, subiri nusu saa na unywe maji. Dawa ya meno yenye mnanaa huharibu kabisa utamu wa kimea. Nilijaribu asubuhi moja ya safari, uwanja wa ndege, na nisingependa hata adui yangu ajaribu.

Hatua ya 3: Agiza "glass"

Kwenye baa za Ireland hakuna mhudumu wa kuja mezani kama tulivyozoea. Unakwenda kaunta, unaagiza, unalipa, unabeba mwenyewe. Sasa kuna neno moja la kulikariri. Ukisema "a pint" utapewa mililita 568, zaidi ya chupa yetu ya nusu lita. Ukisema "a glass" utapewa nusu ya hiyo, mililita 284. Wageni wengi hudhani "glass" ni glasi yoyote. Hapana, kule ni kipimo, na kwa mtu anayeonja ndicho kipimo chake. Ukichukia umepoteza kidogo, ukipenda unaongeza. Baa zinazouza bia za viwanda vidogo mara nyingi hukupa funda la bure uonje ukiomba vizuri. Kwenye baa ya kawaida yenye watu foleni, usiombe.

Ukinywea nyumbani, tafuta glasi. Ale ya kopo inayonywewa kwenye kopo haina harufu, na harufu ndiyo nusu ya shughuli yote. Glasi iwe imesuuzwa maji safi mpaka sabuni yote itoke, maana mabaki ya sabuni na mafuta huua povu. Ukimimina ukaona viputo vimeng'ang'ania ukutani mwa glasi, hiyo ni chafu, hata kama kwa macho inang'aa.

Kopo la Kilkenny lina kijipira cha plastiki ndani. Si uchafu, usilirudishe dukani! Kijipira kimebeba nitrojeni, na ukifungua kopo inatoka kwa kasi na kutengeneza povu zito. Masharti yake ni mawili. Kopo liwe la baridi wakati wa kulifungua, kwa sababu likiwa na joto litakurukia hadi kwenye shati, na umimine lote kwa mkupuo mmoja kwenye glasi kubwa. Kisha liache litulie. Utaona mawimbi ya viputo yakishuka chini kwenye kuta za glasi badala ya kupanda, na polepole wekundu unajitenga na weupe.

Hatua ya 4: Subiri

Hapa ndipo watu wengi hukosea, nami nilikosea.

Kwetu mhudumu kabla hajafungua chupa anauliza, "Ya moto au ya baridi?" Na kila baa ina yule mzee wa kona asiyegusa ya baridi, anayesema baridi inaua bia. Vijana humcheka. Nimekaa Ireland miaka kadhaa sasa na nakiri kwamba kwenye ale yule mzee ana hoja. Baridi kali huzuia harufu zisipae kutoka kwenye glasi na hupunguza utamu ulimini, lakini gesi na uchungu vinabaki. Unachopata ni maji mekundu machungu. Ya moto kabisa ya kwetu, ya joto la Dar saa nane mchana, nayo hapana, hapo kilevi ndicho kinachonuka. Lenga nyuzi 10 hivi.

Bila kipimajoto fanya hivi. Ikitoka friji au kaunta, iache mezani dakika 15 kwa hali ya hewa ya Ulaya, au 5 tu kama uko kwenye joto la pwani. Shika glasi kwa kiganja kizima. Ikiwa inakuuma vidole, bado. Ikiwa unahisi ubaridi kama wa maji ya mtungini, hapo imefika.

Unaweza kupiga funda moja mwanzoni kabisa, kabla ya kusubiri. Mimi hufanya hivyo. Usiliamini tu.

Hatua ya 5: Itazame

Haraka. Ikiwa mezani itaonekana ya kahawia. Inyanyue mbele ya taa au dirisha, na kama ni ale nyekundu kweli utaona wekundu wa chai ya rangi iliyokolea ikipigwa na jua. Povu la rangi ya maziwa hadi krimu. Basi.

Hatua ya 6: Inuse, kisha mafunda matatu

Zungusha glasi kidogo, weka pua ndani, vuta pumzi fupi fupi kama unayenusa mboga sokoni. Usitafute maneno ya wataalamu. Tafuta jiko ulilokulia. Mimi hupata biskuti, slesi iliyochomwa mkaani, na ile harufu ya sukari ya kashata inapoanza kubadilika rangi sufuriani, kabla hujatia nazi. Mwenzangu wa kutoka Kakamega akanusa glasi yangu akasema busaa, nikamwona anatania. Baadaye nikaelewa. Busaa hutengenezwa kwa unga wa mahindi uliochachushwa kisha ukakaangwa kwenye bati hadi ukawa kahawia, ndipo ukachanganywa na kimea cha ulezi. Nafaka iliyokaangwa ni nafaka iliyokaangwa, popote ilipo.

Funda la kwanza ni la kusuuza. Lizungushe mdomoni, limeze, lisahau.

Funda la pili liwe kubwa kidogo. Lishikilie ulimini kwa kuhesabu hadi tatu, meza, halafu toa pumzi kwa puani mdomo ukiwa umefumba. Hapo ndipo harufu hurudi kwa nyuma na kujifunua. Jiulize mambo mawili tu: utamu uko wapi, na uchungu uko wapi? Kwenye ale nyekundu ya Ireland utamu unatangulia, na uchungu wa hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia, unakuja nyuma bila kelele. Hopsi kwenye bia hufanya kazi ile ile ya magome ya msesewe kwenye mbege, kuukata utamu usichoshe. Anayejua mbege iliyokosa msesewe anajua ninachosema.

Funda la tatu ni la kumeza na kungoja. Hesabu hadi kumi. Nini kimebaki? Panatakiwa pabaki ukavu mwepesi wa kukaangwa, ule wa ukoko, unaokufanya utake funda lingine. Kwenye Smithwick's ukavu huu ni mdogo na unaondoka upesi. Kwenye O'Hara's unakaa zaidi. Kwenye Kilkenny umefunikwa na ulaini wa nitrojeni kiasi kwamba mimi huutafuta bila kuupata, na ndiyo sababu Kilkenny haijawahi kunikaa. Naiona kama mtu aliyetia maziwa kwenye kitu kisichohitaji maziwa. Kuna wanaoipenda kwa sababu hiyo hiyo.

Hatua ya 7: Hakikisha si mbovu

Kabla hujasema "siipendi", thibitisha kwamba glasi uliyonayo ni nzima. Ikinuka katoni iliyonyeshewa, imezeeka na kuingiwa na hewa. Ikinuka kama mnyama aliyetishwa porini, chupa imepigwa na mwanga. Hilo hutokea zaidi kwenye chupa nyeupe au za kijani, ndiyo maana ale nyingi huwekwa kwenye chupa za kahawia. Ikiwa na uchachu wa siki na ni ya mashine, kuna uwezekano mkubwa mabomba hayajasafishwa. Harufu ndogo ya siagi kwenye ale hizi si kosa, ila ikifika kama umelamba mkebe wa siagi, imezidi.

Glasi mbovu rudisha kaunta, kwa upole, bila hotuba. Sema tu inaonekana haiko sawa. Niliwahi kurudishiwa nyingine kwenye baa moja bila swali, na niliwahi kwenye baa nyingine kuambiwa "ale ndivyo ilivyo". Haikuwa ndivyo ilivyo, ilikuwa siki. Nikalipa, nikaondoka, na bia hiyo nikaipa nafasi mahali pengine kabla ya kuiandikia hukumu.

Hatua ya 8: Inywe na chakula, ilinganishe na kitu

Ale hii ilizaliwa kukaa na chakula. Nyama ya kuchoma iliyoungua kingo inaelewana nayo vizuri mno, kwa sababu ile rangi ya kuungua ya nyama na ile ya shayiri zinaongea lugha moja. Jibini ngumu ya chumvi pia. Hata chipsi za kawaida zitakusaidia, maana chumvi hupunguza uchungu ulimini na utamu wa kimea unajitokeza. Kama uchungu ndio uliokukera kwenye funda la pili, kula chipsi tatu, rudi kwenye glasi, uone. Samaki wa kupaka sijaona faida yake hapa, nazi inameza kila kitu.

Ulinganisho mzuri ni wa glasi tatu ndogo pamoja: lager yoyote, ale nyekundu, na stout. Onja kwa mpangilio huo, kisha rudi nyuma kwa mpangilio wa kinyume. Ukitoka kwenye lager, ale inaonekana nzito. Ukitoka kwenye stout, ale ile ile inaonekana tamu na nyepesi. Hapo utaona kwa macho yako jinsi funda la kabla linavyoamua ladha ya funda la baada. Ila "glass" tatu ni mililita 852, kwa hiyo funguo za gari ziwe zimebaki nyumbani. Kiwango cha Ireland kwa dereva wa kawaida ni miligramu 50 za kilevi kwa kila mililita 100 za damu, na kwa anayejifunza, dereva mpya au dereva wa kazi ni 20 tu.

Hatua ya 9: Amua

Usiamue kwa kuuliza kama ni nzuri. Swali hilo litakuletea jibu la adabu, hasa kama aliyekununulia amekaa mbele yako. Angalia badala yake ulichofanya. Je, ulipokuwa unazungumza mkono wako uliifuata glasi wenyewe? Ukifika nusu, uliongeza kasi au ulianza kutafuta sababu ya kwenda chooni? Ungeinunua tena kwa pesa yako siku ambayo hakuna anayekutazama?

Andika mstari mmoja kwenye simu: jina la bia, chupa au mashine, na kitu kimoja ulichokipenda au kilichokukera. Kitu kimoja kinachotajika. "Mbaya" haitoshi. "Tamu mno mwanzoni, ila mwisho wake nimeupenda" inatosha, kwa sababu inakuelekeza ujaribu O'Hara's baada ya Smithwick's. Aliyekerwa na ukavu aende kwenye Kilkenny. Aliyekerwa na povu zito la Kilkenny aende kwenye chupa isiyo na nitrojeni. Na kama kilichokukera ni kwamba haiburudishi kwenye jua kama lager baridi, kweli kabisa, haiburudishi. Ni kinywaji cha mji wenye mvua na ukuta wa mawe. Mimi mwenyewe nikiwa likizo Moshi siitafuti.

Ipe siku mbili tofauti, "glass" moja kila siku. Ikikushinda mara zote mbili ikiwa nzima na ya joto sahihi, huipendi, mambo yameisha, agiza unachokijua.

Na iliyobaki usijilazimishe kuimaliza. Kama ni ya chupa na uko nyumbani, ipeleke jikoni. Kaanga vitunguu hadi viwe kahawia, tia nyama ya ng'ombe ya mchuzi, karoti mbili, kisha mimina ale kama kikombe kimoja na maji ya kufunika. Moto mdogo, saa mbili. Usitie ale peke yake bila maji, maana ikikauka uchungu wa hopsi hujikusanya na mchuzi unakuwa kama dawa. Karoti ndizo zinazousawazisha. Mke wangu, ambaye kwenye glasi haitaki hata kuisikia, mchuzi huo anaurudia mara mbili.